Futi Nane na Inchi Mbili za Mzee Zephania

Wasifu wa marehemu Zephania Elinaza Msofe, unaosomwa na binti yake Namsifu, Toronto, Jumamosi tarehe 18 Januari 2025

Baba yetu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1948, Usangi, Upare, mtoto wa tatu wa fundi mwashi Elinaza na mkewe Naelijwa. Babu Elinaza hakuwa na daftari la kazi. Kila alichopima alikiandika kwa mkaa ukutani, palepale alipopimia, na ilikuwa mwiko kuifuta namba hiyo kabla paa halijapanda. Ukikosea, unaikata kwa mstari mmoja na kuandika nyingine pembeni, ili kila mtu azione zote mbili. Baba alipokuwa na miaka tisa alifuta moja kwa kiganja. Siku hiyo alikosa chakula cha jioni, na mpaka uzeeni alikumbuka kwamba yalikuwa makande.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Usangi, kisha shule ya ufundi Moshi, akamaliza mwaka 1967 na kuajiriwa serikalini Dar es Salaam kama mchora ramani. Mwaka 1974 akapata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uhifadhi wa majengo ya kale. Kwa mafunzo ya vitendo alipewa jumba moja la shamba liitwalo Thornscombe, lililojengwa mwaka 1588, alipime lote na kulichora.

Baba alilipenda jumba lile kuliko inavyofaa kupenda nyumba ya watu. Mimi na kaka yangu Silvanus tulilijua kabla ya kuijua Usangi. Tulijua mabomba yake ya moshi ishirini na mawili, kila moja limesukwa matofali kwa mtindo wake kama wasichana waliotoka saluni tofauti. Tulijua madirisha ya vioo vidogovidogo, ukumbi wenye dari ya miti ya mwaloni iliyoungwa bila msumari hata mmoja, na ghorofani ule ujia mrefu wa hatua tisini, ambamo wenye nyumba walitembea mvua ikiwazuia kutoka. Mvua ya kule, Baba alisema, haikuwa na adabu.

Kwenye ubawa wa magharibi alikwama. Alipima nje, akapima chumba kimoja kimoja ndani, akajumlisha na unene wa kuta. Hesabu za ndani zilipungua futi nane na inchi mbili. Alirudia mara nne. Msimamizi wake akamwambia, "Hakuna ukuta wa futi nane, kijana. Umekosea. Rekebisha, nataka mchoro kesho." Basi Baba akachukua raba. Akafuta namba tatu za kweli, akazigawa zile futi kwa vyumba vitatu, na mchoro ukapendeza. Ulisifiwa. Ulimpa cheti, na cheti kile ndicho kilichokuja kumpa kazi Kanada. Kwa hiyo kila tulichokipata hapa, Baba alikiona kimesimama juu ya namba aliyoifuta. Aliona aibu, na hakuificha aibu hiyo nyumbani.

Alifunga ndoa na mama yetu, Asumpta, tarehe 21 Aprili 1979, Dar es Salaam, baada ya Walutheri wa Usangi na Wakatoliki wa Peramiho kuvutana miezi minane. Mama husimulia kwamba wakati wa uchumba Baba alimkunjulia ramani kubwa, nakala ya mchoro wake wa Thornscombe, naye akadhani ni ya nyumba yao. "Nikamuuliza jiko liko wapi. Akasema, hatua sitini kutoka mezani. Nikamwambia, hapo chakula kitafika kimepoa, tafuta mke mwingine."

Walifika Toronto Oktoba 1988, wakaanza St. James Town ghorofa ya kumi na nne, kisha North York. Baba alifanya kazi miaka ishirini na mitano katika ofisi ya wachora ramani za maghorofa. Hakuweka raba mezani kwake. Mama Rozmin, aliyefanya kazi naye na ambaye yuko nasi hapa leo, alikuwa akimtania, "Mzee Zephania, futa tu bwana, nani atajua?" Yeye akakata mstari, akaandika pembeni.

Mwaka 2022 figo zilianza kushindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Hapo futi nane zilimrudia kwa nguvu. Mjukuu wake Nakiete, binti wa Silvanus, akamwambia, "Babu, just go back and measure it." Akajibu, "Na hii mashine niibebe kichwani?" Agosti mwaka jana Nakiete akaenda yeye, na ile futi ya chuma ya kupimia ya babu yake mkobani.

Alipima nje, akapima ndani. Zilipungua futi nane na inchi mbili. Mtunza jumba hakushangaa. Alimweleza kwamba miaka ya tisini, walipokarabati paa, waligundua jumba lilijengwa kwa kuumeza mnara wa zamani zaidi, na kuta mbili zilikuwa zimesimama pale na kifusi katikati. Halafu akafungua kabati dogo mwishoni mwa ule ujia. Ndani, kwenye chokaa, palikuwa na maandishi ya penseli ambayo hakuna aliyewahi kuyaelewa: 8 – 2, Z.E.M., 14/11/74.

Baba alikuwa amesahau kabisa. Aliandika kwenye ukuta wa karne nne kwa mazoea tu, kama mtoto wa Elinaza. Nakiete alitupigia kwa video, analia. "Babu, it's still here. Nobody erased it."

Baba akamgeukia Mama. "Mama Namsifu, umesikia? Haikufutwa."

Jioni ile aliomba mchoro wake. Akakata namba tatu za uongo, mstari mmoja kila moja, akaandika pembeni za kweli, alizopima Nakiete, kwa wino. Mchoro huo uko nyuma ya kijitabu mlichoshika, na namba zote sita zinasomeka.

Alifariki Alhamisi tarehe 9 Januari 2025 asubuhi, hospitalini hapa Toronto, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mama. Ameacha mjane, Asumpta. Watoto wawili, Namsifu na Silvanus. Na mjukuu mmoja, Nakiete, ambaye amebaki na futi ya chuma.

Paa limepanda. Baba yetu apumzike kwa amani.