Mstari wa Mzee Tokuji: Risala ya Wakazi wa Kasumidani

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Bi Fumie Okazaki, Mkuu wa Utalii wa mkoa wetu, wataalamu mliofuatana naye, majirani wote:

KARIBU

Mgeni rasmi, karibu Kasumidani, na utuwie radhi kwa ukungu. Tulitamani ulione bonde letu, ila ukungu wa huku haufukuzwi. Utaondoka ukipenda wenyewe. Wewe keti tu, kizungushie kikombe mikono. Hata sisi tuliozaliwa humu kuna asubuhi tunafungua dirisha tukadhani kijiji kilipaa tukiwa usingizini, kikatua juu ya wingu.

Risala hii ilikuwa isomwe na Bi Shizuno, yule aliyekaa mstari wa pili. Amekataa. "Nikisoma mimi nitalia," alisema, "na poda nimeshapaka." Basi inasomwa na jirani yake, Isamu Hosokura, aliyekuwa tarishi wa huku, kwa niaba yetu sote.

TULIKOTOKA

Njia yetu ya miguu inaanzia kwenye hekalu la bondeni, inapita mbele ya baraza zetu zote, na kuishia kwenye msitu wa mierezi. Zamani ilikuwa njia ya mahujaji. Kwao tulirithi desturi moja: mtu hapiti mbele ya mlango ulio wazi bila kuitwa anywe chai, na akiitwa haendi zake. Akienda zake, kabla ya jioni kijiji kizima kitataka kujua wamegombania nini.

TULIYOYAFANIKISHA

Mwaka jana ofisi yako ilituletea mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani zile ramani za kompyuta zinazojua njia ipi ni fupi, ipi ina mlima, na mgeni atumie muda gani kutoka stesheni hadi kwenye maporomoko ya maji. Mtaalamu wako, Bi Nagisa Umehara, alitugawia vijisanduku vya kuning'iniza shingoni, vinavyowasiliana na setilaiti. Akatuomba tupande njia yetu kama kawaida ili mfumo upime mwendo.

Nasi tukapanda kama kawaida yetu.

Alipokuja kutuonyesha matokeo alifunga mapazia ya ukumbi huu, na ukutani ikawaka mistari myembamba ya rangi. Ilikuwa nyayo zetu, mgeni rasmi. Tulijitazama kutoka juu kama watu wanaoota pamoja ndoto moja.

"Hapa mlipotea?" Bi Nagisa aliuliza, akigusa fundo la mistari.

"Tupotee wapi, mwanangu? Hapo ni kwa Masuyo. Alikuwa anachoma viazi vitamu."

"Na hapa pa pili?"

"Hapo ni kwa jirani yake. Ule kwa Masuyo halafu umpite huyu? Una roho ngapi wewe?"

Tulicheka mpaka tukafuta machozi. Bi Nagisa naye alicheka, kisha akaacha.

KINACHOTUSIBU

Mfumo ulikuwa umeona njia ya saa moja ikitumia siku nzima. Ukaamua kwamba haifai. Ukachora njia bora, inayotoka stesheni, ikapita handakini chini ya mlima na kufika kwenye maporomoko. Na sisi tukabaki pembeni, mahali peupe pa ramani. Hatumlaumu mtu, maana njia ile ni fupi kweli. Lakini njia isiyo kwenye ramani yenu haitengewi wafyekaji, na mianzi ya huku haina adabu. Baada ya misimu michache hapatakuwa na pa kukanyaga.

Tena kuna mstari mmoja uliotiwa rangi nyekundu, ukaandikwa kosa. Ni wa Mzee Tokuji, mume wa Bi Shizuno. Alivaa kijisanduku majani yalipokuwa mekundu, naye akatutoka theluji ya kwanza ilipoanguka. Mstari wake unatoka mlangoni kwake, unazunguka kona ya nyumba, unatulia hapo asubuhi nzima, ndipo unapanda mlima. Tumeambiwa makosa yote yatafutwa ramani itakaposafishwa.

Siku ile ya matokeo Bi Shizuno aliinuka akaweka kiganja ukutani, juu ya mstari huo. "Hili mnaloita kosa ni baraza langu."

"Pengine alikisahau kijisanduku hapo, bibi," Bi Nagisa alisema kwa upole.

"Hakukisahau. Alirudi nacho shingoni, nikamvua mwenyewe." Akavuta pumzi. "Mume wangu alikuwa akisema sauti yangu ni ya birika lililosahauliwa motoni. Basi nikawa namngoja atoke ndipo niimbe. Asubuhi ile niliimba kila wimbo ninaoujua, nikidhani yuko mlimani. Kumbe mzee mwongo alikuwa hapo nje!"

Alikuwa analia na kucheka. Nasi tulilia, hatuoni haya kusema.

TUNACHOOMBA

Mgeni rasmi, hatuombi handaki lizibwe, wala hatutaki mfumo udanganye. Bi Nagisa ametueleza kwamba wenyewe hauchagui. Hujibu ulichoulizwa, na uliulizwa njia ya haraka. Tunaomba uulizwe swali jingine: watu husimama wapi, na kwa nini hawataki kuondoka. Njia yetu ichorwe kando ya ile fupi, iandikwe kweli tupu, kwamba inachukua siku nzima, kwa mgeni asiye na haraka. Na mstari wa Mzee Tokuji usifutwe. Pale ulipotulia pawekwe alama ya mapumziko. Bi Shizuno atapika chai.

"Na utaimba?" tulimuuliza.

"Mkishanipa mgongo."

Mgeni rasmi, ukitazama mstari wa pili utaona kiti chake kitupu. Alituaga mapema kwamba tukifika hapa atakuwa ameshakwenda kubandika birika. Ratiba yako inasema uondoke sasa, na gari lako limeegeshwa mbele ya nyumba yake. Mlango uko wazi. Ukisikia sauti jikoni, tafadhali usibishe hodi upesi. Kaa kwanza barazani.

Safari yako iwe njema, ukungu ukufungulie njia, na popote upitapo uwepo mlango wazi.

Ni sisi,
Wakazi wa Kasumidani