Jiwe Linajisaga Lenyewe

Gulsifat, binti yangu, nigeuze nielekee mlango, kisha uufungue wote. Baridi haitaniua mimi. Kinachoniua kilishaingia zamani. Haya. Sikilizeni, wanangu, nanyi wajukuu mliojazana kizingitini, na mtu asiniletee chai tena, maana naona mnaninywesha ili ninyamaze. Ravshan, kaa hapo. Qurbonali, toka huko ukutani, kaa karibu na kaka yako. Najua hamsemezani. Kila Ravshan anaporudi kutoka Urusi mimi huwa tarishi wa watu wawili walioketi kwenye kitambaa kimoja cha chakula: mama, mwambie apitishe chumvi, mama, mwambie chumvi iko mbele yake. Leo tarishi anaondoka, na chumvi mtaipitishaje, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Mnalisikia hilo jiwe? Tangu asubuhi linazunguka huko chini. Mmeyafungulia maji ili mama asikie kinu chake kinafanya kazi, afe na moyo mweupe. Nimeuona upendo wenu na Mungu awalipe, lakini mimi nimelala na mlio huo tangu niolewe, na najua jiwe lenye ngano hunguruma kwa tumbo, na jiwe tupu hulia kwa meno. Hilo tupu, wanangu. Linajisaga lenyewe. Mwenye njaa hapigiwi ngoma. Niinueni kidogo. Zaidi. Hapana, nirudisheni.

Wajukuu, mnajua kwa nini kijiji hiki kinaitwa Haftsang? Mnasema ni jina tu. Haftsang ni mawe saba, na mawe hayo yalikuwa vinu saba, vyote kwenye mfereji huu mmoja, kila kimoja kikipokea maji ya mwenzake wa juu, hata ikawa wa juu akifunga maji kwa hasira, sita wa chini wanalala njaa. Ndiyo maana watu wa hapa walijifunza kukasirika taratibu. Ng'ambo ya mto, upande wa jua, ndiko kwetu nilikozaliwa mimi, kwenye mashamba ya ngano na miaprikoti; huku upande wa kivuli theluji haiondoki mpaka watu waisahau, na mlichopewa ni maji tu. Wa jua wana nafaka, wa kivuli wana mawe, na daraja likawa katikati, na harusi zikapita juu yake, na mimi nikapita na sanduku langu nikilia, maana niliambiwa naolewa gizani. Baba yenu Niyoz akanicheka. Akasema, usilie, huku tunakula unga wenu kabla yenu.

Kisha yakaja matope. Mvua ilinyesha juu ya mlima siku ya joto kali, na ubavu wa mlima ukashuka wote kama uji unaofurika chunguni, ukachukua vinu vitatu mchana mmoja. Vilivyobaki vikachukuliwa na serikali ya wakati ule, si kwa mikono, kwa amri: wote shukeni bondeni mkalime pamba. Tukashuka. Kila msagaji akaliinua jiwe lake la juu, akaliegemeza ukutani, maana hiyo ndiyo desturi, jiwe likiegemezwa ukutani kinu kimekufa na mwenyewe harudi. Babu yenu Sherali peke yake alikataa. Alisema, changu kimelala, hakijafa. Akaliacha juu ya mwenzake, akafunga mlango kwa kamba ya sufu.

Huko bondeni joto lilikuwa la kuchemsha macho. Nilizika wawili kabla ya Ravshan, mnajua, siwataji. Babu Sherali naye alizikwa huko, akiwa ameelekezwa uso mlimani, na mengi aliyoyajua akaondoka nayo. Miaka baadaye tuliporuhusiwa kurudi, tulikuta paa za majirani zimeanguka na vinu vyao vimejaa nyoka, lakini kamba ya Sherali ilikuwa palepale. Baba yenu alifungua maji, jiwe likajivuta, likalalamika, likazunguka. Nililia kuliko siku ya harusi.

Gulsifat, mkono wangu unatafuta nini? Ushike. Usiubane.

Sasa nasema lile msilotaka lisemwe mbele ya watoto. Qurbonali, onyesha mkono wako. Usiufiche mkononi mwa kanzu, mimi ndiye niliyeufunga kwa shali langu. Vidole viwili vililiwa na jiwe lile, mwezi ambao theluji inayeyuka na mto unapiga kelele kuliko watu. Sheria yetu mnaijua wote: aliye juu kwenye ubao unaofunga mfereji haachii maji mpaka aite jina la aliye chini kwenye jiwe, na aliye chini ajibu. Ravshan anaapa aliita, akajibiwa achia. Qurbonali anaapa alijibu bado. Tangu siku ile mmoja anamwita mwenzake muuaji na mwingine anamwita mwenzake mwongo, na mimi nimeeleza mpaka ulimi ukaota sugu, na kila mmoja akasikia nusu yake tu.

Sikieni nzima leo. Wote wawili mlisema kweli. Mmoja alisema bado, mwingine akasikia achia, na kati yenu palikuwa na mto. Babu Sherali alilijua hilo. Miezi ya theluji kuyeyuka hakumruhusu mtu kuachia maji kwa sauti, alitaka aliye kwenye jiwe apunge kitambaa cheupe dirishani. Desturi hiyo tuliizika naye kwenye pamba. Hakuna aliyewafundisha. Mkagombana kwa ajili ya kitambaa. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na kweli majirani wamelima. Tazameni, hakuna hata mmoja aliyeleta ngano mwaka huu, kwa kuwa nani apeleke gunia lake nyumba ambayo mwenye ubao hamsemeshi mwenye jiwe?

Ravshan, umeniambia, mama, siku hizi unga unakuja kwa lori. Ni kweli, na mkate wake nimeula, ni kama kutafuna sufu. Umeniambia pia yule bwana wa mjini mwenye nyumba ya wageni analitaka jiwe la juu alifanye meza uani. Kijana wangu, jiwe lililomla nduguyo vidole, watu waje waliwekee vikombe? Nawe Qurbonali usitabasamu. Umekikumbatia kinu mwaka baada ya mwaka bila kukichonga meno, kwa kuwa tu kaka yako hakitaki. Huko siko kupenda. Fahali wawili, na zizi linaanguka.

Basi nagawa. Nyumba ni ya Gulsifat, na asiulizwe. Susu ile ya kulazia mtoto, iliyo darini, ni ya Tojinisso wa upande wa jua. Niliiazima Qurbonali alipozaliwa, tukakosana kwa neno la kipuuzi, nikaona haya kuirudisha. Ipelekeni kabla sijaoshwa. Kinu sikigawi nusu kwa nusu. Ravshan, nakupa ubao na mfereji wote, tangu mtoni hadi kwenye gurudumu. Qurbonali, nakupa mawe, la juu na la chini, na mlango na kamba. Mmoja asiuze chake bila mwenzake, na hakuna atakayesaga konzi ya unga bila kumwita nduguye kwa jina. Unga wa matanga yangu utoke humo. Watu wa pande zote mbili walete bakuli bakuli za ngano, nanyi msage. Mkiniletea mkate wa lori nitageuka kaburini.

Mnizike upande wa jua. Nimekaa kivulini vya kutosha.

Sasa nyanyueni kichwa changu. Huu si mto wa kulalia, ni ngano, ngano nyekundu ya mlimani, mbegu ya baba yangu. Uvuteni. Msiogope, Gulsifat atanipakata. Nendeni wawili, fungeni hayo maji, mlitilie jiwe chakula. Mungu awape mikono ya kufungua, awape masikio... awape watoto watakaowajibu mkiwaita. Nimewasamehe. Nendeni, pumzi haingoji.

Wamekwenda? Wote? Mlango uache.

Limenyamaza. Ah, kumbe mto umepungua hivi. Majani ya mforosadi yamekwisha anguka, theluji imeshika huko juu, sauti itafika. Nyamazisha watoto.

Ni Ravshan huyo. Ameita jina. Umesikia? Ameita Qurbonali.

Mbona hajibu... ajibu...

“Bado, kaka.” Amesema bado. Na maji... maji hayaji. Anangoja, Gulsifat. Amemsikia, anangoja.

Nipandishe kidogo. Hapo. Qurbonali anamimina sasa... Niyoz, unga wetu... kabla yao...

Haya, mwanangu. Sema.

Achia.