Vidole Vinane vya Fundi Salumu

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha mablanketi ya sufu, Fundi Salumu Abdullatif wa Kaole anastaafu tarehe 30 Juni. Aliingia akiwa mbeba marobota, akapanda hadi fundi mkuu wa mashine za kuchambua sufu, na anatuaga akiwa mlinzi wa getini. Kwa nini alishuka hivyo, nitaeleza mimi, maana mwenyewe hatasema.

Hakuna mgeni kazini aliyepita getini bila kuamriwa akunjue viganja. "Hesabu vidole, mwanangu. Jioni nataka idadi hii hii." Kisha huonyesha vyake vinane, akiapa kwamba viwili vimekwenda likizo bila ruhusa. Wenzangu walicheka sana. Mimi nilicheka kwa shida.

Wiki iliyopita nilipewa faili lake ili niandike wasifu huu. Nilipofika kwenye taarifa ya ajali ya mwaka 2012, niliisoma mara mbili. Fundi alizoea kuegemeza kiganja kwenye wavu wa kinga wa mashine namba tatu huku akisikiliza inavyonguruma. Jumatatu ile aliegemea bila kutazama. Wavu haukuwepo, na meno ya mashine yakanyofoa vidole viwili.

Mchana wavu ulionekana umeegeshwa ukutani, unanuka samaki. Maelezo ya Fundi yanasema: "Niliutoa mwenyewe, nikaanikia samaki nyumbani." Sahihi ni yake, ya mkono wa kushoto. Adhabu ilikuwa kuvuliwa ufundi mkuu.

Uongo mtupu! Wavu niliuchukua mimi, Abdulrazak, mtunza ghala, Jumamosi mashine ilipozimwa kwa matengenezo. Niliupeleka Saadani kuanikia samaki wa harusi ya dada yangu, nikachelewa kuurudisha. Miaka yote nilidhani mhusika hakupatikana, na kwamba Fundi alihamishiwa getini kwa ajili ya mkono tu. Nilinyamaza. Naona haya.

Juzi nilimwendea, nikamwamkia. "Marahaba, baba," akajibu kama kawaida. Nikamuuliza kwa nini alifanya vile.

"Nilipokuwa nabebwa nilikuona mlangoni na wavu begani, unalia. Mkeo mjamzito. Wangekufukuza, na vidole vyangu vingerudi?"

Alinikataza kuyaandika haya. Nimemkaidi. Barua yangu iko kwa meneja: faili lirekebishwe, na cheti cha Fundi kisomeke fundi mkuu. Langu na liwe litakalokuwa.

Ahsante, Fundi. Mungu akupe afya na mapumziko matamu huko Kaole. Siku ya mwisho, kabla hujakabidhi funguo za geti, nitakuja nikunjue viganja mbele yako. Vyangu vipo vyote kumi.