Halvar Östlund na Risasi Yake Nene

Theluji ilianguka ikayeyuka, misonobari ikakatwa ikaota tena, na katika majira hayo yote marehemu Halvar Östlund hakulegeza neno lake moja: mnyama mkubwa kama elgi, yule kulungu jitu wa kaskazini, hupigwa kwa risasi nene.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1943, Hammarstrand, mkoani Jämtland, kitinda mimba wa Petrus na Elna. Alisoma hapo hapo kijijini, akashika hesabu kuliko Katekisimu, kisha akaingia chuo cha misitu. Tangu mwaka 1963 hadi alipostaafu mwaka 2008 alikuwa mpima magogo. Kazi hiyo ilimfunza kuheshimu unene, na huko ndiko yalikoanzia mateso ya mkewe.

Alifunga ndoa na Gunhild tarehe 22 Juni 1968. Bibi harusi alikuja na bunduki ya babaye, ya risasi za milimita sita na nusu. Bwana harusi alikuwa na yake, ya milimita tisa na ushee. Basi Gunhild, mtu mvumilivu, alilishwa hoja ile ile kwenye kahawa, garini, hata kanisani kabla ya zaburi.

"Bibi wee, hiyo ni sindano ya kushonea."

"Na yako ni mzinga, mzee. Elgi hafi kwa unene, hufa kwa kupigwa mahali pake."

"Akikimbia na jeraha, utamfuata wewe?"

Hilo ndilo lililomsumbua kwa kweli. Halvar hakuweza kustahimili mnyama ateseke msituni.

Mwaka 2022 bega lake liliharibika, na daktari akamkataza bunduki yenye teke kali. Binti yao Annika, kiongozi wa wawindaji wa kijiji, hakumbembeleza: "Baba, chukua ya mama, au baki uchemshe kahawa."

Akachemsha kahawa, misimu miwili, akinuna. Gunhild nusura ahame nyumba.

Kiangazi cha 2024 Halvar aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alijua vuli iliyokuwa ikija ni yake ya mwisho.

"Gunhild, ile sindano yako iko wapi?"

Siku ya kwanza ya msimu, tarehe 2 Septemba, elgi dume alitokea mbele ya kituo chake cha kuvizia. Risasi moja, nyuma ya bega. Mnyama akajikongoja kidogo, akaanguka. Wote wakakusanyika wasikie kauli yake. Halvar akavua kofia, akamtazama mnyama.

"Huyu alikuwa amechoka," akasema.

Gunhild aliketi juu ya kisiki, akajishika kichwa.

Halvar alifariki hospitalini tarehe 14 Novemba, mkono wake mkononi mwa mkewe. Jioni iliyotangulia alinong'ona: "Ile risasi yako ilifaa."

"Rudia, Annika asikie."

"Ilifaa. Kwa elgi mdogo."

Ameacha mke, Gunhild, binti, Annika, wajukuu wawili, na dada, Signe. Mola ampokee Halvar katika amani isiyo na mabishano. Amjalie Gunhild ukimya aliouomba miaka hamsini na sita, na amfariji atakapouona ni mzito kuliko kelele. Amina.