Mzee Anselmi Bura, Aliyezaliwa Furukombe Akilia

Baba Padre, viongozi wa kigango na wa mtaa, majirani na ndugu mliofika hapa Bonga, familia imemtuma mkwe wake, Sadock, asimame na karatasi hii, ambayo imeandikwa mara tatu na kuchanwa mara mbili, kwa sababu kila aliyeulizwa habari za Mzee wetu alikuja na za kwake.

Mzee Anselmi Tluway Bura alizaliwa, kwa mujibu wa kadi ya ubatizo, tarehe 3 Mei 1951, ingawa yeye mwenyewe hadi mwisho alishikilia kuwa ni 1949, na kadi nayo imemwagikiwa na chai, basi tumeandika miaka yote miwili. Mahali hapana ubishi. Mama yake alikuwa anashuka kwa miguu kutoka Mbulu kuja kwa ndugu zake hapa Bonga, uchungu ukamshika kando ya Ziwa Babati, na mtoto alipotoka furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa juu ya mti, amerudisha kichwa chake cheupe nyuma, analia. Bibi yake alimsimulia, naye akatusimulia sisi, kwamba zamani nchi hii ilipokuwa tope tupu furukombe alilia mara tatu, sauti ilipoishia ndipo mpaka ulipowekwa, na anayezaliwa ndani ya sauti hiyo ni mwenyeji, haulizwi alikotoka. Tumewauliza wazee wa koo nyingine, hawaijui hadithi hiyo, na wawili walitucheka.

Alisoma shule ya msingi hapa Bonga kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, akaenda Arusha mwaka 1968 kujifunza kuchora mabango kwa Fundi Twalha, akarudi Babati mwaka 1974, na mkoa wetu ulipoanzishwa mwaka 2002 kazi zilimwelemea, kwani kila ofisi mpya ilitaka nembo ya Taifa mlangoni, naye aliichora, bwana na bibi, pembe za ndovu, ngao na mwenge wake, hata ukimfumba macho asingekosea.

Tarehe 24 Novemba 1979 alifunga ndoa na Mama Xaveria, wakahamia Nangara, wakajaliwa watoto watatu, Elieza, Anjela na Romana aliyetutangulia mwaka 1996, pamoja na wajukuu saba. Mama alimtania mumewe kwa jina la Baba Ndege, na Mzee aliitika.

Sasa tufike pale palipotuchanganya, na hadi leo hatujapaelewa. Tarehe 14 Novemba 2018 alikwenda kuhojiwa uraia wake ili apate kitambulisho cha Taifa, akaulizwa nembo ya Taifa ina nini, na mtu huyu, jamani, aliyeichora nembo hiyo miaka yote, akajibu furukombe. Afisa akamweleza kwa upole kwamba furukombe yuko kwenye nembo ya Zambia, akamwuliza kama ana ndugu huko, na Mzee akasema Wazambia hawakukosea kumchagua, lakini huyu wa Ziwa Babati hajawahi kuhama. Faili likawekwa pembeni. Tulipombana nyumbani, alisema ile ya milangoni aliichora kwa kazi, ila shahidi wa kuzaliwa kwake ni mmoja tu, na huyo ndiye aliyemtaja. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Hamdani, alikwenda kumdhamini, kitambulisho kikatoka mwaka 2021, Mzee akakitazama, akakiweka kabatini, hakukitoa tena. Kuulizwa kule kulimuuma sana. Akatuagiza jambo moja, kwamba azikwe mahali furukombe anaposikika, asije akaulizwa tena.

Mwezi Oktoba 2024 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa Babati, na Jumanne tarehe 11 Machi 2025, saa tisa alasiri, alifariki dunia, mkono wake ukiwa mkononi mwa Mama Xaveria.

Kaburi limechimbwa hapa, kwenye shamba la baba yake, kama ilivyo desturi, lakini ziwa liko mbali, na kwa siku mbili tumesimama pale tukisikiliza. Elieza hakusikia kitu. Anjela alisikia, Mzee Hamdani akasema yule ni mwewe anayenyemelea vifaranga vya jirani, na mabasi ya Dodoma nayo hayakutupa nafasi. Tulikaribia kugombana, wengine wakitaka tuchimbe upya karibu na ziwa. Ndipo leo asubuhi Mama Xaveria, aliyemcheka mumewe kwa ndege huyo miaka arobaini na mitano, akaenda kaburini peke yake, akarudi, akasema amemsikia, mara tatu, wazi kabisa, tuzike. Sote tunayajua masikio ya Mama, tangu mwaka 2019 hata shikamoo tunampigia kelele. Hakuna aliyebisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Nangara waliolala msibani, na mafundi rangi wenzake waliouandika msalaba wake kwa mikono yao. Tunamwomba Anthony, kijana wetu wa vyombo vya muziki, azime spika tukifika kaburini, dakika chache tu, kabla ya udongo, tusikilize wote. Tukimsikia, tushukuru. Tusipomsikia, Mama ameshamsikia.

Mzee Anselmi, mwenyeji wetu, hakuna atakayekuuliza tena. Pumzika kwa amani.