Wadhamini wa Sista

Ofisi ya uchaguzi ilikuwa inafunga saa kumi jioni, Ijumaa, siku ya mwisho ya kurudisha fomu. Mchana ulishageuka, na wadhamini watatu wa Sista walikuwa bado kijiweni, kwenye benchi la muuza kahawa, mwendo mfupi tu kutoka ofisini. Sista alikuwa muuguzi wa zahanati. Aliacha kazi mwezi uliopita, kwa sababu mtumishi wa serikali haruhusiwi kugombea ubunge. Waliomshawishi ni hawa hawa: Fundi, mshona nguo ambaye ni shemeji yake Sista; Wembe, kinyozi; na Karani, mstaafu wa halmashauri. Sheria ilitaka wadhamini watatu wafike wenyewe na vitambulisho vyao. Fundi alikuwa na chake kwenye mfuko wa shati. Alikuwa anangoja mwenzake mmoja ainuke.

— Tumalize hiki kikombe, twende, alisema Wembe.

— Tunaenda. Lakini tujue tunapambana na nani, alijibu Karani. Kofia si mtu wa mchezo.

Kofia ndiye mbunge. Wamempa jina hilo kwa kuwa amepitia vyama vitatu, na kila akihama anatokea na kofia mpya.

— Diwani vipindi viwili, Karani aliendelea. Mbunge vitatu. Kaanguka mara moja tu.

— Kaangushwa na nani? Si yule mwalimu? Na mwalimu leo yuko wapi? aliuliza Wembe.

— Msaidizi wa Kofia.

— Basi hakuanguka huyo, alisema Wembe. Alikwenda kupumzika, akaacha mtu amshikie kiti.

Muuza kahawa akamimina tena.

— Wapinzani anawachagua mwenyewe, alisema Karani. Hata fulana anawachapishia.

— Fulana za kumpinga yeye? aliuliza Wembe.

— Wewe si uliivaa ya mwalimu? Kola imesimama vile, mwalimu wa chaki aitoe wapi?

— Kola ilikuwa ya kiwandani, hilo kweli, alisema Fundi, kisha akajuta kuwaongezea maneno. Jamani, muda.

— Simama wewe, tunakufuata, alisema Wembe.

Fundi hakusimama. Kibanda chake kiko kwenye ardhi ya halmashauri, na mlangoni pa ofisi vijana wa Kofia walikuwa wakimpiga picha kila anayeingia. Wakienda watatu, ni kundi. Akitangulia yeye, ni sura moja. Wembe naye ana kibanda, Karani ana kijana anayesubiri ajira. Hayo hakuna aliyeyataja.

Simu ya Fundi ikalia. Ilikuwa Sista.

— Tuko njiani, shemeji, alisema Fundi, akaikata.

Wembe alimtazama, akasogeza kikombe.

— Mnajua wako wawili?

— Nani?

— Kofia. Ana pacha. Mmoja amelala bungeni, mwingine yuko huku anazika watu. Mtu mmoja atawezaje misiba yote ile?

— Sasa kura tunampa yupi?

— Anayelala. Anayezika hana haja nayo.

Walicheka, Fundi pia. Alipotulia, kivuli cha ukuta kilishavuka benchi na kuingia barabarani.

— Sista hawezi kukosa watu, alisema Karani bila kumtazama. Nusu ya watoto wa mtaa huu kawapokea yeye. Atakuwa keshapata wengine.

— Keshapata, alisema Wembe.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Alitaka sana iwe hivyo.

Saa kumi ilipopita, Sista alikuja kwa miguu, bahasha ya fomu kwapani. Walimpisha, akaketi pembeni mwa benchi. Muuza kahawa alimpa kikombe. Akakishika bila kunywa.

— Mke wa mwashi alikuwepo pale mlangoni, alisema. Na dada zake wawili. Vitambulisho mkononi. Wakaniambia, Sista, tukudhamini sisi. Nikawaambia wangu wako njiani, nisiwavunjie heshima. Wakaenda zao.

Wembe alikuna kidevu. Karani alitazama viatu vyake.

— Shemeji, nilipokupigia, mlikuwa mmefika wapi?

Mkono wa Fundi ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, juu ya kitambulisho. Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha Karani, likatoa machicha.

Saa kumi na mbili jioni, tume ilitangaza kwamba mgombea pekee wa jimbo amepita bila kupingwa. Hicho ni kipindi chake cha nne bungeni.