Matundu Safi ya Mzee Hashim

Nyinyi mnaomcheka Mzee Hashim kuwa anatoboa ukuta kama anayetoga mtoto masikio, oneni haya. Tena wewe Oduor, wa kwanza.

Mzee Hashim Bakari wa Likoni anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka ishirini na sita ya kupitisha nyaya katika kuta za watu. Meneja alitaka mwenye shahada ndiye aandike haya. Nimekataa. Mimi Nyamvula niliishia darasa la tatu, lakini vumbi la kila fundi hapa nimelifagia mimi, nalijua la nani.

La Mzee Hashim halifiki sakafuni. Hukata pakiti ya maziwa, akaibandika chini ya alama ya kutobolea, vumbi likaingia humo. Ubao wa jipsam ni unga uliovishwa karatasi. Ukiusukuma kwa pupa, karatasi inachanika. Yeye hutoboa ubao wa mbele, kisha huzunguka chumba cha pili akautoboa wa nyuma kutokea huko. Miwani ya kukinga macho tu ndiyo iliyomshinda kuvaa, mpaka nilipomfichia chai yake.

Kosa pia alifanya. Mwaka 2011, katika ofisi moja ya Chaani, aliamini mchoro uliosema ukuta ni mtupu. Akatoboa bomba la maji. Alisimama ameliziba kwa kidole gumba hadi Gona, msaidizi wake, alipopata pa kufungia maji. Mwenye ofisi akaja akimfokea Gona, anataka afukuzwe. Mzee Hashim, shati lamchuruzika, akamwambia, "Aliyetoboa ni mimi. Gona hakushika drili."

Hakufukuzwa mtu. Gona sasa ana kazi yake Magongo, na bado huja kumwamkia. Na tangu siku hiyo Mzee Hashim hutanguliza kitundu chembamba, akaingiza waya alioupinda ncha, akauzungusha ndani. Waya ukigota kitu, husogea pengine.

Sasa sikilizeni. Mwezi uliopita, kwenye zahanati ya Mishomoroni, Oduor alitoboa kwa haraka, akaacha tundu kama lililotafunwa na panya, akalifunika kwa kalenda. Mwenye zahanati akaifunua kalenda. Ghorofa ya juu tunaianza Jumatatu, na amesema tukimharibia ukuta mmoja tena ataita watu wengine. Kazi hiyo ndiyo inayotuweka sote hapa mpaka Machi. Na anayeijua anaondoka.

Mzee Hashim, ahsante, kwa niaba ya wenzako wote na ya kiuno changu. Nenda Likoni ukalale mpaka jua likuamshe, na Mungu akupe afya na macho, inshallah. Lakini si kabla ya Ijumaa saa sita.

Oduor, nawe fundi Mueni, Ijumaa saa mbili asubuhi muwe stoo. Nimeegemeza huko mbao za jipsam zilizobaki. Mtatoboa mbele yake, tundu baada ya tundu, mpaka yeye mwenyewe aseme basi.